Frank Parsons: aliyehangaika na kazi zake kabla ya kuwashauri wengine

Kila anayesoma ualimu hapa chuoni amewahi kukutana na jina la Frank Parsons. Lipo kwenye desa la kozi ya ushauri na unasihi, kurasa za mwanzo kabisa, mstari mmoja tu: baba wa ushauri wa kazi, Boston, 1908. Tunalikariri kwa ajili ya mtihani, tunalijaza kwenye nafasi iliyoachwa wazi, basi, tunaendelea na mengine. Mimi pia nilifanya hivyohivyo mwaka wa pili. Nilirudi kumtafuta baada ya kutoka TP, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni. Nilichokikuta ni maisha ya mtu ambaye angekuwa jirani yetu pale Magomeni, watu wangesema kijana yule ana akili nyingi lakini hatulii.

Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1854 katika mji mdogo wa Mount Holly, jimbo la New Jersey, Marekani. Darasani alikuwa moto. Aliingia Chuo Kikuu cha Cornell akiwa bado kijana mdogo sana, akasoma uhandisi wa ujenzi, akahitimu mwaka 1873 kabla hajatimiza miaka 19. Wakati ule uhandisi ndio ulikuwa mpango mzima. Reli zilikuwa zinajengwa kila upande wa Marekani, na kijana mwenye cheti cha uhandisi alionekana ameshamaliza maisha. Parsons akapata kazi kwenye kampuni ya reli, kama ilivyotarajiwa.

Haikuchukua muda. Mwaka huohuo wa 1873 uchumi wa Marekani uliyumba vibaya. Benki kubwa iliyokuwa inabeba miradi ya reli ilianguka mwezi Septemba, nyingine zikafuata, na kampuni za reli zikaanza kufilisika moja baada ya nyingine. Ya kina Parsons ilikuwamo. Mhandisi wa miaka 18 akabaki na cheti chake mkononi na hana pa kukipeleka.

Sisi wa Mtwara hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini joto lenyewe tulilipata miaka ile ya 2012 na 2013, bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokuwa kila mtu analiongelea. Nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka jinsi kaka zetu walivyokuwa wanaambiwa wasome kitu chochote chenye neno gesi au mafuta ndani yake. Kodi za nyumba zilipanda, nyumba za wageni zikaota kama uyoga. Wako waliopata, siwezi kukataa. Ila wako pia waliomaliza kusoma wakakuta msafara umeshapita, na leo wanaendesha bodaboda pale stendi. Hawakuwa wajinga. Waliyemsikiliza alikuwa anawaambia habari za soko la mwaka ule, na wao wangeingia sokoni miaka mitano baadaye.

Parsons naye alifanya alichoweza. Aliingia kiwanda cha kufua chuma kama kibarua, kazi ya nguvu, kisha akaenda kufundisha shule. Katika mji wa Southbridge, Massachusetts, alifundisha hisabati, uchoraji na Kifaransa. Hakuwa amesomea ualimu. Alipewa darasa kwa sababu alikuwa amesoma, na ilionekana inatosha. Tuliache hilo kwanza, tutalirudia.

Akiwa Southbridge, mwanasheria mmoja aliyemsikia akijenga hoja kwenye kikundi cha majadiliano alimwambia kichwa chake ni cha sheria. Hayo yalikuwa maneno ya kupita tu, kama yale anayoambiwa mtoto anayebishana sana nyumbani kwamba atakuwa wakili. Parsons aliyachukua kwa uzito wote. Akajifungia na vitabu, masomo ya miaka mitatu akayasukuma kwa mwaka mmoja, na mwaka 1881 akafaulu mtihani wa uwakili. Mtihani aliushinda, mwili ukashindwa. Afya yake iliharibika kiasi kwamba ilibidi aende New Mexico, sehemu kavu yenye jua, akakaa miaka mitatu hivi akiishi nje kwenye hewa safi ili apone.

Aliporudi, akiwa na afya na leseni, alifungua ofisi Boston. Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuna aliyemuuliza kabla hajaanza kusoma: hakupenda kazi yenyewe ya uwakili. Kutafuta wateja, kugombea kesi, kusimama mahakamani kwa ajili ya mtu anayelipa, vyote vilimshinda. Alichokipenda ni kusoma, kuandika na kufundisha. Akaajiriwa kuandika vitabu vya sheria kwa kampuni ya uchapishaji ya Little, Brown, na kuanzia 1892 akawa mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Boston, kazi aliyoishika hadi 1905.

Mtu mwingine angetulia hapo. Parsons alikuwa anaumia na hali ya mji. Boston ya wakati ule ilikuwa na matajiri wa kutosha na maskini wasio na idadi. Viwanda vilikuwa vinameza watoto wenye umri wa kuwa darasani. Akaanza kuandika juu ya reli, umeme, maji na usafiri wa mijini, akitaka huduma hizo ziwe mali ya umma. Mwaka 1895 aligombea umeya wa Boston akiungwa mkono na vyama vidogo vya mrengo wa mabadiliko. Alishindwa vibaya. Mwaka 1897 akachukuliwa kuwa profesa wa historia na siasa katika chuo cha kilimo cha jimbo la Kansas, wakati wanamabadiliko wakiwa wameshika utawala wa jimbo lile. Mwaka 1899 upepo wa siasa ukageuka, bodi ya chuo ikabadilika, na yeye na wenzake wakaondolewa. Alikwenda kwa muda kwenye chuo kingine kidogo, Ruskin, huko Missouri, kisha akarudi Boston.

Hebu tumhesabie. Mhandisi, kibarua wa kiwandani, mwalimu wa shule, mwanasheria, mwandishi wa vitabu, mhadhiri, mgombea umeya, profesa aliyefukuzwa. Umri unakaribia 50, hana mke wala mtoto, na kila kazi aliyoifanya ameifanya kwa bidii. Ukimtazama kwa mbali unaweza kusema alipoteza muda. Nadhani ndio maana alikuja kuwaelewa wale vijana wa North End.

North End ni mtaa wa Boston ambao miaka ile ulijaa wahamiaji, hasa Waitaliano na Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki. Watoto wao waliacha shule mapema na kuingia kazi ya kwanza iliyotokea: kubeba mizigo, kuuza magazeti, kushona. Akili walikuwa nazo, kilichokosekana ni mtu wa kuwaonyesha kwamba kuna njia zaidi ya moja. Mwaka 1901 ilifunguliwa nyumba ya huduma kwa jamii pale mtaani, Civic Service House, kwa fedha za mama mmoja tajiri aliyejali elimu, Pauline Agassiz Shaw. Msimamizi wake alikuwa Meyer Bloomfield, mwenyewe mhamiaji aliyezaliwa Romania na kufika hadi Harvard. Mwaka 1905 Parsons akaanzisha ndani ya nyumba ile masomo ya jioni kwa watu wanaoshinda kazini. Mchana wanatafuta mkate, usiku wanasoma historia, uchumi na saikolojia.

Akiwafundisha watu wale aliona jambo lililokuwa linamkera hata kabla. Vijana walikuwa wanachagua kazi kwa bahati nasibu. Mtu anayetaka kununua farasi au nyumba anauliza huku na kule, anakagua, anapiga hesabu. Lakini kazi atakayoifanya miaka 40 anaipata kwa sababu rafiki yake yuko pale, au kwa sababu ndiyo ya karibu na nyumbani. Alianza kulizungumza hilo hadharani mwaka 1906. Bloomfield akamwalika aongee na vijana waliokuwa wanamaliza shule ya jioni. Baada ya maongezi yale vijana hawakuondoka. Walibaki wakitaka kila mmoja aongee naye peke yake.

Hapo Parsons akajua kazi imempata. Aliandika mpango, mama Shaw akautolea fedha, na tarehe 13 Januari 1908 ikafunguliwa Ofisi ya Ushauri wa Kazi ya Boston. Hadi alipotoa taarifa yake ya kwanza, tarehe 1 Mei mwaka huo, alikuwa ameshakaa na watu wapatao 80, wanaume kwa wanawake.

Alifanyaje? Desa letu linasema hatua tatu, na ni kweli. Ya kwanza, kijana ajijue: uwezo wake, anachokipenda, afya yake, mipaka yake, hali ya kwao. Ya pili, azijue kazi: zinataka nini, zinalipa nini, zina nafasi gani kesho na keshokutwa. Ya tatu, akae chini aoanishe hayo mawili kwa akili timamu. Desa haliambii kwamba hatua ya kwanza pekee ilikuwa na maswali zaidi ya 100, ambayo kijana aliyajibu kwa maandishi nyumbani, mengine ya kumkalisha macho: anasoma nini, pesa yake inaenda wapi, jioni anashinda na nani, anaoga mara ngapi. Halikuwa jambo la dakika tano dirishani.

Kuna kisa kimoja alichokiandika ambacho kila mwalimu angekisoma. Kijana wa miaka 19 alimjia akisema anataka kuwa daktari. Alikuwa mwembamba, mnyonge, hatabasamu, mkono anaokupa kusalimiana umelegea. Parsons hakumwambia hapana. Alimuuliza maswali. Afya yako ikoje? Siyo nzuri. Kumbukumbu? Siyo nzuri. Umewahi kusoma kitabu chochote kuhusu maisha ya madaktari? Hapana. Mgonjwa akikuona unaingia chumbani atafarijika? Kijana akaanza kujiona mwenyewe. Mwishoni Parsons alimfungulia njia nyingine, kazi za nje kama ufugaji, ambazo zingemjenga mwili, na akamwachia uamuzi. Msimamo wake ulikuwa huo: mshauri hamchagulii mtu kazi, anamsaidia kuona.

Tusimpambe kupita kiasi lakini. Parsons aliamini pia kwamba umbo la kichwa na sura ya mtu vinaweza kukupa habari za tabia na uwezo wake, na alikuwa anavitazama alipohoji watu. Hiyo ilikuwa imani ya watu wengi wa zama zake, na haina mashiko kabisa kisayansi. Ukiangalia watu waliomjia, wengi ni watoto wa wahamiaji wenye sura ngeni machoni pa wenyeji, unaona hatari yake. Mtu mwema naye anaweza kumpima mwenzake kwa kipimo kibovu. Ndiyo sababu mojawapo kazi hii inahitaji mafunzo, moyo mzuri pekee hautoshi.

Na hilo yeye mwenyewe alilijua kuliko wengi. Aliona kwamba ofisi moja Boston haitawafikia vijana wote, na kwamba kazi ikienea bila watu waliofundwa itaharibika. Kwa hiyo akapanga, kwa kushirikiana na YMCA ya Boston, mafunzo ya washauri wenyewe. Aliyataka mambo haya kwa mshauri: ajue misingi ya saikolojia na namna ya kuitumia, awe ameishi na watu na kufanya kazi nao kiasi cha kuwaelewa, aweze kuongea na vijana kwa upole, kwa ukweli na bila kuwatisha, azijue kazi za eneo lake kwa undani, malipo yake na mwelekeo wake, azijue shule na vyuo vinavyofundisha kazi hizo, na awe na utaratibu wa kuchambua taarifa, asikisie. Cheti alitaka kiende kwa aliyeonyesha kwamba kazi anaiweza.

Nikisoma orodha ile nilikumbuka nyumbani. Ukanda wetu huu kazi ya kumkalisha kijana na kumweleza dunia ni ya zamani kuliko chuo chochote. Kwenye unyago yupo kungwi, yupo nyakanga. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya wanayofundisha, na mimi ninayo. Ila hakuna mtu anayeamka asubuhi akajitangaza nyakanga. Lazima awe amepita mwenyewe, akae nyuma ya mkubwa wake, aonekane, apimwe, ndipo akabidhiwe watoto wa watu. Parsons hakuwajua bibi zetu, lakini kwa hilo wangeelewana.

Hakuyaona matunda. Afya yake haikuwahi kuwa imara tangu ule mwaka wa kusomea sheria, na alijisukuma vilevile kama zamani. Alifariki tarehe 26 Septemba 1908, akiwa na miaka 53. Kazi iliyomfanya ajulikane duniani aliifanya kwa miezi minane na kidogo tu. Kitabu chake, Choosing a Vocation, kilitoka mwaka 1909 kwa juhudi za Bloomfield, mwenyewe akiwa kaburini. Mwaka huohuo shule za Boston ziliiomba ofisi ile iwasaidie, na muda si mrefu walimu zaidi ya 100 wakateuliwa kuwa washauri katika shule zao. Mwaka 1911 Harvard ilifundisha kozi ya somo hilo, Bloomfield akiwa mbele ya darasa, na mwaka 1913 kikaundwa chama cha kitaifa cha ushauri wa kazi.

Huku kwetu mbegu ilifika baadaye. Mwaka 1984 Wizara ya Elimu ilianza kuweka huduma hii rasmi katika shule, na walimu wakateuliwa kushughulikia mambo ya kazi na masomo. Mwaka 2002 ukatoka waraka wa elimu kuhusu ushauri na unasihi shuleni. Kwa hiyo kwenye karatasi mambo yapo. Shida ni neno lile, kuteuliwa. Boston waliteua walimu, sisi tukateua walimu, na kote swali likabaki: huyu aliyeteuliwa amefundwa na nani?

Sasa nieleze ile sababu yangu. Nilipokwenda TP, shule niliyopangiwa ilikuwa na mwalimu mmoja wa unasihi na alikuwa na vipindi hadi shingoni. Waliposikia chuoni nimesoma kozi ya ushauri, nikakabidhiwa wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wanataka msaada wa kujaza machaguo yao. Miaka 22, kozi moja ya muhula mmoja, na chumba chenyewe ni stoo ya jembe na fagio. Nilijiona mtu mkubwa.

Kijana mmoja alikuja, baba yake mvuvi, anataka kujua achague kombi gani. Nilimwambia PCB. Nilimwambia sayansi ina mkopo, sayansi ina ajira. Sikumuuliza anapenda nini. Sikuuliza matokeo yake ya fizikia. Sikuuliza kama nyumbani wataweza kumsubiri miaka yote hiyo, au kama amewahi kusikia kwamba kuna vyuo vya ufundi na vya uvuvi. Ilichukua kama dakika nne, akashukuru, akasema asante mwalimu, akatoka. Baada ya siku tatu alirudi kuniuliza kama inawezekana kubadilisha, maana amefikiria na fizikia haipandi kabisa. Nikamtuma kwa mwalimu wa taaluma kwa sababu mimi utaratibu wenyewe sikuujua. Hadi leo sijui aliishia wapi, na ninamfikiria kuliko wanafunzi wote niliowafundisha.

Yale maneno ya mwanasheria wa Southbridge yalimgharimu Parsons afya yake na miaka kadhaa ya kuzunguka. Yalikuwa maneno ya mtu mwema, ya haraka, aliyemwona kijana mwenye kipaji na hakumuuliza chochote. Mimi nilifanya kilekile, tena nikiwa nimevaa shati jeupe na kuitwa mwalimu.

Nina ombi moja kwa serikali yetu ya wanafunzi, na ninaomba lifike kwa wawakilishi wa kitivo cha elimu. Kozi ya unasihi iendelee kufundishwa darasani, sawa, lakini iwe na saa za vitendo chini ya mtu anayeijua kazi: tukae pembeni tukimwona anavyohoji, kisha tuhoji sisi naye akituangalia, kisha atuambie wapi tumeharibu. Fizikia ina maabara. Kufundisha kuna TP na msimamizi anakuja kukaa nyuma ya darasa na fomu yake. Unasihi peke yake ndio tunatumwa kuufanya gizani. Wengi wetu hapa, tupende tusipende, siku moja tutakabidhiwa ile stoo na ufunguo wake. Wakati huo kijana atakuwa ameshakaa kwenye benchi, anasubiri tumwambie kitu.